Kijana anataka kuzamia meli iliyolala baharini: Mzazi aulize nini kabla ya kutia saini?

Fomu ilikuwa mezani tangu saa kumi na mbili jioni, kalamu juu yake. Mama alikuwa kwenye cherehani akimaliza sare za mteja. Kijana wake wa miaka 16 alikuwa ameketi mkekani, simu mkononi, akimwonyesha baba yake video ya meli nzima iliyolala chini ya bahari, samaki wakiingia na kutoka madirishani.

“Baba, ni saini tu. Wenzangu wanaenda Jumapili.”

Baba aliitazama video mpaka mwisho, akatabasamu. Amekulia Kisauni, alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na hakuona ubaya wowote. Mama hakusimamisha cherehani. Aliuliza swali moja tu.

“Hiyo meli iko chini kiasi gani?”

“Si sana, mama. Mita 30 hivi.”

Cherehani ikanyamaza.

“Mtoto akililia wembe, mpe,” baba alisema, nusu kwa mzaha.

“Wembe humkata kidole akajifunza,” mama alijibu. “Hizo mita 30 akikosea atajifunza lini?”

Nyumba nyingi za pwani zina mazungumzo ya aina hii, hasa likizo ya Desemba, kaskazi inapovuma, bahari ikatulia na maji yakawa meupe. Zamani mzazi alihofia mtoto kuogelea mbali. Siku hizi mtoto anarudi na cheti cha kuzamia kwa mtungi wa hewa, na anataka kushuka mahali ambapo mzazi hajawahi kufika wala hatafika. Kukataa tu ni rahisi, na kukubali tu ni rahisi pia. Kazi iko kwenye kuuliza, na ili mzazi aulize vizuri inabidi ajue mambo machache.

Meli ilifikaje huko chini

Meli anayoitaka kijana huyu inaitwa MV Dania. Ilikuwa meli ya kusafirisha mifugo. Mwaka 2002 ilizamishwa kwa makusudi kaskazini mwa Mombasa, na sasa imelala kwenye sakafu ya bahari, karibu mita 30 kutoka juu.

Watu huzamisha meli namna hii kwa sababu sehemu kubwa ya sakafu ya bahari ni mchanga mtupu, na samaki hawana pa kujificha. Ukiweka chuma kikubwa chenye vyumba, ngazi na matundu, viumbe wadogo hukishika, matumbawe huanza kuota, samaki wadogo hufuata, na wakubwa huwafuata wadogo. Chewa hupenda vivuli vya humo, mkunga hujichomeka kwenye mabomba, na kolekole huzunguka juu wakisaka. Huo ndio mwamba bandia. Pia huwapa wazamiaji mahali pengine pa kwenda, ili miamba ya asili ipumzike na miguu na mikono yao.

Kabla ya kuzamishwa, meli hutakiwa kusafishwa: mafuta hutolewa, nyaya na vitu vinavyoweza kumnasa mtu huondolewa, milango hung'olewa na matundu hukatwa ili kuwe na njia za kutokea. Lakini kusafishwa si kuwa salama milele. Chuma huoza. Dari iliyokuwa imara mwaka wa kwanza inaweza kuwa dhaifu baada ya miaka 20. Nyavu na mishipi ya wavuvi hunasa hapo na kubaki. Na matope laini hutulia ndani ya vyumba, yakingoja pezi moja la mguu liyatibue mpaka mtu asione hata kiganja chake.

Mita 30 zina hesabu yake

Kila mita 10 mtu anazoshuka baharini, mgandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu hapa nchi kavu. Kwa hiyo kwenye mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu.

Mama aliyezoea kupima kitambaa ataielewa hesabu hii upesi. Mtungi wa kawaida wa lita 12, ukijazwa sawasawa, una hewa ya kama lita 2,400. Mtu mzima aliyetulia akitumia lita 20 kwa dakika, hewa hiyo ingemtosha saa mbili akiwa juu. Kwenye mita 30 kila pumzi hubeba hewa mara nne, kwa hiyo saa mbili zinakuwa nusu saa. Akiogopa, au akipambana na mkondo, hupumua kwa kasi na hiyo nusu saa hupungua zaidi. Na hapo bado hajaweka akiba ya kurudia.

Ndiyo maana vyeti vya kuzamia vina ngazi. Katika mfumo wa PADI, ambao hutumiwa sana duniani, cheti cha kwanza humruhusu mtu kushuka hadi mita 18. Watoto wa miaka 10 na 11 huishia mita 12. Cheti cha pili, chenye mbizi tano za mafunzo na mkufunzi, humfikisha mtu mita 30. Mwisho kabisa wa kuzamia kwa starehe ni mita 40, na huko hufika aliyesomea kina kirefu.

Kijana wetu alikuwa na cheti cha kwanza. Alikipata Desemba ya mwaka uliotangulia, na daftari lake la mbizi lilikuwa na mbizi saba tu.

“Tutakaa juu juu,” alimwambia mama. “Meli ina sehemu zilizo juu zaidi. Si lazima nifike chini.”

Alisema kweli kuhusu meli. Tatizo ni kwamba meli ina namna yake ya kumvuta mtu. Akiwa juu ya nguzo, anaona sitaha. Akifika sitaha, anaona mlango. Maji yakiwa meupe, kila kitu huonekana kiko karibu.

Wamarekani wanalijua hili vizuri. Mwaka 2006 walizamisha manowari ya kubebea ndege, Oriskany, mbele ya Pensacola huko Florida. Ina urefu wa zaidi ya mita 270, na imesimama wima kwenye maji ya kama mita 65. Mnara wake unafikika kwa wazamiaji wa kawaida. Lakini sitaha ambayo ndege zilikuwa zikirukia iko kama mita 44, chini ya ule mpaka wa mita 40. Kwa hiyo mtu husafiri kutoka mbali, hushuka mpaka kwenye mnara, kisha hutazama chini na kuiona ile sitaha kubwa aliyoifuata, hatua chache tu kupita mahali anaporuhusiwa. Hapo hakuna mlinzi wala ukuta. Kuna akili yake tu.

Na akili yenyewe hulewa

Kuanzia karibu mita 30, nitrojeni iliyo katika hewa tunayovuta kila siku huanza kumlevya mtu. Wengine huanza kucheka. Wengine huogopa bila sababu. Wengi hawahisi kitu, ila huwa wazito wa kufikiri: mtu husoma geji na kusahau alichosoma. Hali hii huondoka mara anapopanda mita chache, wala haiachi dalili. Hatari yake ni uamuzi ambao mtu huufanya akiwa katika hali hiyo.

Jambo la pili ni muda. Nitrojeni huingia mwilini kadiri mtu anavyokaa chini. Akipanda ghafla hutoka kama mapovu ya soda chupa inapofunguliwa kwa pupa, na mapovu hayo yakiwa kwenye damu na viungo huleta maumivu, ganzi, udhaifu, hata kupooza. Kwa majedwali ya PADI, mtu akiwa mita 18 anaweza kukaa dakika 56 kisha akapanda moja kwa moja. Akiwa mita 30 ana dakika 20 tu. Akiwa mita 40, dakika 9. Kisha hupanda polepole, na husimama mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutokeza juu.

Na jambo la tatu ni lile ambalo kila mkufunzi hulirudia mpaka linachosha: usizuie pumzi ukiwa na mtungi. Hewa iliyovutwa chini hutanuka mtu anapopanda, na mapafu yaliyofungwa huweza kupasuka. Hofu humfanya mtu afanye hivyo hivyo, azuie pumzi na kukimbilia juu. Kinachoishinda hofu ni mazoezi, na mazoezi hayapatikani kwa mbizi saba.

Kilichotokea Spiegel Grove

Mwaka huohuo wa 2002, Dania ilipozamishwa Mombasa, huko Key Largo, Florida, ilizamishwa meli ya zamani ya jeshi la wanamaji iitwayo Spiegel Grove, yenye urefu wa mita 155. Nayo iliwekwa iwe mwamba bandia, na nayo iko karibu mita 40 chini. Tangu mwanzo ilikuwa na mambo yake. Iligeuka kabla ya wakati uliopangwa na ikalala vibaya, mpaka kimbunga cha mwaka 2005 kilipoisimamisha wima.

Machi 2007, wanaume wanne waliingia ndani kabisa ya meli hiyo. Watatu hawakutoka hai. Walikuwa watu wazima, wenye uzoefu wa kuzamia.

Habari hii mama aliisoma usiku ule kwenye simu ya kijana mwenyewe. Hakumpigia kelele. Alimpa simu akasema, “Soma hapa.” Kijana alisoma, akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba wao hawataingia ndani.

“Nani kasema hamtaingia?” mama aliuliza. “Yule anayewapeleka kasema?”

Hakujua.

Jumamosi asubuhi ufukweni

Asubuhi yake wote watatu walikwenda kumwona huyo wa kuwapeleka, pamoja na mjomba, ambaye amekuwa nahodha wa boti za uvuvi tangu ujana. Walimkuta ufukweni akipakia mitungi. Alikuwa mcheshi. Hakuuliza cheti wala daftari la mbizi.

“Hakuna shida,” alimwambia mama. “Tutamshika mkono.”

Mjomba aliuliza oksijeni ya huduma ya kwanza iko wapi. Jamaa alionyesha mitungi ya kuzamia. Mjomba akasema ile ni hewa ya kawaida, anaulizia oksijeni. Jamaa akasema haijawahi kuhitajika.

Mjomba hakubishana naye. Waliporudi barabarani alisema methali moja tu: “Maji usiyoyafika hujui kina chake.”

Walikwenda kituo kingine. Hapo mkufunzi, mwanamke wa makamo, kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa kadi ya kijana. Akaisoma, akafungua daftari, akahesabu mbizi. Kisha akazungumza na kijana mwenyewe.

“Wewe ni wa mita 18. Dania sikupeleki leo. Ukitaka, anza kozi ya pili, na mbizi ya kina kirefu tutaifanyia hapohapo Dania, mimi nikiwa nawe.”

Alipoulizwa kuhusu kuingia ndani ya meli, alisema wanaoanza hutazama mlangoni tu. Kuingia kuna mafunzo yake, taa zake, kamba yake ya kurudia njia na hesabu yake ya hewa: theluthi moja ya kuingilia, theluthi moja ya kutokea, theluthi moja haiguswi.

Kijana alinuna siku tatu. Jumapili wenzake walikwenda bila yeye na wakarudi salama, wakampelekea picha. Mzazi aliyewahi kukataza jambo na jambo lenyewe likaisha salama anajua uzito wa siku kama hiyo. Baba alitaka kulainika, akasema pengine walimwonea. Mama alishona tu. Jumatano kijana alikuja mwenyewe kuuliza kama pesa za kozi zitapatikana.

Maswali ya mzazi

Mzazi hahitaji kujua kuzamia ili ayaulize haya:

1. Cheti cha mtoto kinamruhusu mita ngapi, na mnampeleka mita ngapi? Namba ya pili ikizidi ya kwanza, na si mbizi ya mafunzo, mazungumzo yameisha.

2. Amewahi kuzamia mara ngapi, na mara ya mwisho lini? Aliyekaa mwaka bila kuingia majini aanze upya na mbizi nyepesi.

3. Nani atakuwa naye chini, na mkufunzi mmoja anasimamia wangapi?

4. Oksijeni ya huduma ya kwanza iko ndani ya boti? Nani amefunzwa kuitumia?

5. Mtu akipatwa na ugonjwa wa mgandamizo atapelekwa wapi, na simu ya huko ni ipi? Chumba cha kutibia ugonjwa huu hakipatikani kila hospitali. Jibu la “tutaona” si jibu.

6. Wataingia ndani ya meli? Jibu liwe ndiyo au la, mbele ya mtoto.

7. Nani anaamua kuahirisha bahari ikichafuka? Na pesa zinarudishwa? Anayepoteza pesa akiahirisha hushawishika kwenda.

Lipo pia fungu la mzazi mwenyewe. Fomu ya afya ijazwe kwa ukweli. Pumu, kifafa, maradhi ya moyo, matatizo ya masikio au upasuaji wa kifua ni mambo ya daktari kuamua, na hayafichwi ili mtoto asikose safari. Hata mafua ya kawaida yanatosha kuahirisha, kwa sababu masikio yaliyoziba huumia mtu anaposhuka.

Na familia zinazoshuka Mombasa kwa likizo zikumbuke safari ya kurudi. Baada ya mbizi kadhaa mtu hushauriwa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Nairobi yenyewe iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata anayepanda kwa gari au treni amuulize mkufunzi angoje kwa muda gani. Siku ya mwisho ya likizo iwe ya kukaa ufukweni.

La mwisho, na pengine ndilo kubwa, mtoto aambiwe waziwazi kwamba akighairi, hata akiwa tayari amevaa mtungi, hakuna atakayemcheka nyumbani wala kumdai pesa. Vijana wengi huingia mahali wasipopataka kwa sababu tu hawajui namna ya kusema hapana mbele ya wenzao.

Siku yenyewe

Wiki mbili baadaye boti ilitoka asubuhi na mapema. Mama alikuwemo, leso kichwani, saa mkononi. Mkufunzi alikuwa amemweleza mpango: dakika 18 chini, wapande wakibakiwa na hewa ya kutosha, wasimame mita 5. Vijana walikuwa wawili, na mwenzake alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitatu.

Walishuka kwa kufuata kamba. Mama aliangalia mapovu. Dakika ya 10 bado yalikuwa mahali pale. Dakika ya 14 yalianza kusogea upande wa kamba, na yeye akashtuka, maana haikuwa imefika 18.

Huko chini, karibu na mlango wa meli, yule mwenzake alikuwa amenyoosha kidole ndani. Kijana alitazama geji yake. Akatazama mlango. Akatazama geji tena. Kisha akatikisa kidole cha hapana, akainua dole gumba juu, ishara ambayo majini maana yake ni moja tu: tunapanda. Mkufunzi, aliyekuwa hatua chache mbele, aliiona, akageuka papo hapo. Ishara ile haijadiliwi.

Walisimama mita 5. Mama alihesabu dakika tatu, ndefu kuliko zote alizowahi kuhesabu. Kichwa cha kwanza kilitokeza, kisha cha pili, kisha cha tatu.

Ndani ya boti mwenzake alilalamika kwamba dakika nne zilikuwa zimebaki. Kijana hakumjibu. Alikunywa chai aliyopewa, akatulia, halafu akamgeukia mkufunzi.

“Nilisoma geji mara mbili,” alisema. “Mara zote mbili, nikiondoa macho tu, sikumbuki nimeona ngapi. Ndipo nikaogopa.”

“Ungefanya nini kingine?” mkufunzi aliuliza.

“Sijui. Sikuweza kufikiria kingine.”

“Basi ulichofikiria kilitosha.”

Akachukua daftari la mbizi, akaandika: kina, mita 29, muda chini, dakika 14, hewa iliyobaki. Akatia saini, akampa kijana. Kijana akampa mama.

Mama alisoma kila tarakimu, moja baada ya nyingine, kama anayekagua vipimo kabla ya kukata kitambaa. Kisha akalifunga daftari, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe, na akauliza ile mbizi ya tano ya kozi ni lini.